Siku Baba Alipotolewa Bendeji

Agosti 2014 baba yangu alikuja Nairobi kutoka Nyeri kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Siku iliyofuata, daktari alipomtoa bendeji na kumpa miwani myeusi, nilimwambia twende nyumbani akapumzike. Akakataa. “Nipeleke City Park, mwanangu,” akasema. “Nina jambo huko.”

Nilishikwa na haya, kwa sababu kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nimepita Barabara ya Limuru nikiwa ndani ya matatu, nikaliona lango la bustani ile karibu kila siku, wala sikuwahi kuliingia. Wenzangu waliotaka kutembea msituni walikwenda Karura. City Park tuliisikia ikitajwa tu wakati watu walipolalamika kwamba ardhi yake inamegwa, na ni kweli ilimegwa sana kabla ya serikali kuitangaza kuwa turathi ya kulindwa mwaka 2009. Kwamba takriban hekta 60 za bustani na msitu wa asili zingali zimesimama katikati ya Parklands na Muthaiga, hilo naliona jambo kubwa hadi leo.

Mara baada ya nyasi zilizofyekwa na vitalu vya maua, kijia kiliingia msituni, na sauti ya magari ikafifia nyuma yetu. Baba alikuwa akisimama kila hatua chache. Akainama, akaokota jani la mukinduri, akaligeuza. Upande wa juu ulikuwa kijani cha kawaida. Upande wa chini uling'aa kama fedha. Mti huo ameupanda na kuupasua kuni maisha yake yote, lakini kwa muda mrefu, alivyoniambia, majani yote yalikuwa yamekuwa rangi moja machoni pake, rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi. Alilitazama jani lile kwa muda nisioweza kuukadiria, kisha akalitia katika mfuko wa koti.

Kima walitushukia tulipokaribia jukwaa la bendi. Nilikuwa nimenunua njugu langoni, na kwa kuwa daktari alikuwa amemwonya baba juu ya uchafu kufika kwenye jicho, nilizishika mimi. Jike mmoja mwenye shingo nyeupe, mtoto wake amemng'ang'ania tumboni, alinikamata kidole kwa mkono wa kushoto ili nisiondoe kiganja, na kwa mkono wa kulia akachukua njugu moja baada ya nyingine. Vidole vyake vilikuwa vyeusi na vya baridi, na mshiko wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotazamia.

Baba alisubiri hadi njugu zikaisha, ndipo akauliza makaburi yako upande gani. Mlinzi mmoja alituelekeza. Njiani akanieleza jambo ambalo hakuwahi kulisema nyumbani. Tarehe 24 Februari 1965, Pio Gama Pinto alipopigwa risasi nje ya nyumba yake akiwa ndani ya gari pamoja na binti yake mdogo, baba alikuwa kijana wa miaka 21, mpanga bidhaa katika duka moja la Barabara ya River. Alimjua Pinto kwa sifa tu: mtu wa asili ya Goa aliyefungwa kizuizini na Waingereza kwa ajili ya uhuru wa Kenya. Alikuja kumzika, lakini alisimama nyuma kabisa ya umati, na jeneza lenyewe hakuliona. Baadaye alirudi kijijini, akaoa, akalima, na miaka ikapita.

Tulipita kwanza kwenye kaburi la Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais, ambaye alifariki mwaka 1990 na kuzikwa katika bustani hii karibu na Pinto, rafiki yake. Kuna sanamu pale, na mahali penyewe pametulia.

Mbele ya kaburi la Pinto nilianza kumsomea maandishi, kama nilivyokuwa nikimsomea barua na magazeti. Baba alinigusa mkono ninyamaze. Siku ile ilikuwa ya mawingu, mwanga haukuwa mkali. Akavua miwani myeusi, akasogea hadi goti likagusa ukingo wa kaburi, akasoma jina lile mwenyewe, polepole, kwa sauti.