Siku moja maishani mwangu: kumtengeneza mama wa makala, Bukavu

Saa 12 asubuhi

Kazi ya vikaragosi, yaani wanasesere wa jukwaani, inaanzia barabarani kabla ya kufika mezani. Bukavu ni mji wa vilima. Simama kwenye mpando wowote nusu saa tu, utaona kila namna ya kubeba uzito: kijana wa bidoni mbili za maji, mwanafunzi mwenye begi upande mmoja na bega lililoshuka, mama wa makala mwenye gunia mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Kikaragosi kilicho mezani wiki hii kinatoka kwa huyo mama.

Ukitaka kumtazama mtu kwa karibu, omba kwanza.

"Jambo mama. Naomba nitazame unavyoifunga kamba."

"Tazama, mwanangu, lakini usinisimamishe. Nikisimama mzigo unaongezeka."

Ninatembea kando yake hadi juu, ninaandika vitu vitatu tu: macho yako wapi, kiungo gani kinaanza kusogea, na mwili unapumzika vipi. Kwa kuwa kamba imeshika kichwa, shingo haigeuki. Akitaka kuona kando anageuza kiwiliwili chote. Hatua ni fupi, na unyayo unatua wote kwa pamoja, kisigino hakitangulii. Uzito haufuati mpaka unyayo umeshika ardhi. Akichoka haweki gunia chini, maana kulirudisha mgongoni kunahitaji mtu wa pili. Anaegemeza gunia kwenye ukingo wa barabara huku akiwa bado amefungwa nalo. Picha ya simu haikupi hayo. Mchoro mbaya wa mistari mitano unayo yote.

Watu hutuuliza mawazo tunayatoa wapi. Tunayatoa hapa. Ukianza na uso mzuri wa kubuni kichwani, unapata sanamu. Ukianza na jinsi mtu anavyobeba, uso wenyewe utakuja.

Saa 2

Soko la Kadutu, haraka haraka. Mabaki ya sponji kwa washona magodoro, mkanda wa zamani wa suruali, spoki nne za baiskeli, mfuko mtupu wa saruji, kopo dogo la gundi ya mafundi viatu. Sponji ibane ngumini kisha iachie. Inayorudi mara moja ni ya kichwa, inayorudi polepole inatosha kwa tumbo na mapaja. Iliyokwisha kuwa njano na kutoa unga imepigwa na jua, itavunjika ndani ya miezi michache hata ukipewa bure. Mfuko wa saruji ukung'ute nje, huku umejifunga kitambaa puani.

Sioni aibu kwa vifaa hivi. Wanyama wakubwa wa kartoni walioanza safari yao Kinshasa Aprili 2025 kuelekea Aktiki, waliobuniwa na kundi la Ukwanda la Cape Town, walikuwa kartoni na mbao nyepesi, na mtu aliyekutana nao alirudi nyuma hatua mbili kama amekutana na mnyama.

Saa 3 na nusu

Leo kichwa kinafunguliwa. Kilifinyangwa kwa udongo mwekundu wa hapa hapa kwetu, kikafunikwa tabaka sita za karatasi, na kimekaa siku nne kikikauka. Hapa ndipo vikaragosi vingi vinapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Karatasi inachanwa kwa mkono, haikatwi kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanika unalala na kupotea, uliokatwa unaacha ngazi inayoonekana hata chini ya rangi. Tabaka la kwanza linabandikwa kwa maji matupu ili lisigandane na udongo. La pili hadi la sita kwa uji wa unga wa muhogo: kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vitano vya maji. Unga ukoroge kwanza na kikombe kimoja cha maji baridi, kisha umimine kwenye vinne vinavyochemka, ukoroge mpaka uji ung'ae. Ukitupa unga mkavu kwenye maji ya moto utapata madonge, na kila donge litakuwa kipele usoni. Pishanisha tabaka moja la gazeti na moja la karatasi ya saruji. Rangi mbili tofauti zinakuonyesha mahali ulipopasahau, na karatasi ya saruji ndiyo inayotoa nguvu.

Baada ya kila tabaka mbili, subiri zikauke. Kuanzia Septemba hadi Mei, mvua za huku hazikuachii nafasi ya kuharakisha. Kichwa kikiwekwa juu ya mbabula, jiko la makala, nje kunakuwa gome gumu, ndani kunabaki maji, na baada ya wiki ukungu unatokea puani. Kiweke mita moja kando ya moto, na ukigeuze kila unapopita. Ukikigonga kwa kucha kikalia "ko" kikavu, tayari. Kikilia kama mlango wenye unyevu, acha.

Sasa kukifungua. Kabla ya kukata, chora mistari mitatu mifupi inayovuka njia ya wembe: mmoja utosini, mmoja nyuma ya kila sikio. Bila mistari hiyo nusu mbili hazitakutana tena sawasawa, na uso utapinda milimita tatu ambazo hutajua zilitoka wapi. Kata nyuma ya masikio, usikate katikati ya uso. Udongo unatolewa kwa kijiko. Ndani ninapaka gundi nyeupe ya mbao ili unyevu usiingie, kisha nusu zinaunganishwa kwa vipande vya karatasi vya sentimita 2 kwa upana. Kichwa hiki kina gramu 180. Kikipita 250, mkono wa mchezeshaji utaanza kutetemeka kabla onyesho halijafika nusu, na kikaragosi kitaonekana kizee bila kukusudiwa.

Kuhusu uso wenyewe. Majirani zetu Warega, upande wa Mwenga na Shabunda, wana vinyago vya chama cha Bwami ambavyo uso wake ni umbo la moyo lililobonyea, limepakwa udongo mweupe, macho mafupi kama punje za kahawa. Vitu hivyo ni vya waliopandishwa daraja, vinatoka pamoja na methali zake, nyimbo na ngoma, na hatuvinakili. Tunachojifunza ni kwamba uso wenye mistari michache unabadilika kadiri mwanga unavyougusa. Mama wa makala hana mdomo unaofunguka. Ana kidevu kilichotokeza na paji pana la kushikia kamba, basi. Ukikiinamisha kichwa amechoka. Ukikiinua sentimita mbili ana jambo la kusema.

Macho ni shanga nyeusi. Usizigandishe kwanza. Zishike kwa punje ya bugali, kisha mwombe mwenzako asimame mita nne mbele na umuulize, "Anakutazama?" Macho yakitazama mbele moja kwa moja, kikaragosi kinaonekana kipofu au mwenye ndoto. Kila shanga isogee karibu milimita moja kuelekea pua, ndipo yanakutana mahali na mtu anasema, "Ehe, sasa ananiona." Halafu gundi. Mwisho tone la vanishi ya kucha isiyo na rangi juu ya kila shanga. Uso wote usiwe na mng'aro, macho tu ndiyo yang'ae.

Saa 6

Magoti. Kikaragosi kina sentimita 70: kichwa 12, shingo 3, kiwiliwili 20, paja 17, muundi 14, unyayo 4 kwenda juu. Kichwa ni kikubwa kuliko cha binadamu wa kweli makusudi, kwa sababu anayekaa safu ya nyuma anasoma kichwa na mikono tu.

Bawaba ya goti ni kipande cha ule mkanda wa suruali, na kinakaa *nyuma* ya goti. Mbele, ncha mbili za mwanzi zimekatwa bapa zikagusana. Hivyo mguu ukinyooka ncha zinagongana na kusimama, ukikunjwa zinaachana. Ukiweka ngozi mbele, goti litakunjika kuelekea mbele na mama wetu atakuwa panzi. Kiwiko ni kinyume chake, ngozi inakaa upande wa ndani. Usitumie mpira wa gurudumu kwenye goti, unavutika na mguu unabembea baada ya kila hatua. Matundu tunayatoboa kwa msumari uliochomwa motoni, kwanza kwa sababu umeme haupo saa hizi, pili kwa sababu mwanzi ukipigwa msumari baridi unapasuka.

Kila unyayo una gramu 40 za mchanga ndani. Bila hizo miguu inapepea. Spoki zinakuwa vijiti vya mikono. Milimita 2 za chuma haziyumbi na kwa mbali hazionekani.

Saa 7 na nusu

Bugali, sombe, na sambaza kidogo, wale dagaa wa ziwani.

Saa 8

Mvua. Juu ya mabati hakuna sauti ya mtu inayosikika, kwa hiyo ni saa ya kumchezesha asiyesema. Tuko watatu kwa kikaragosi kimoja, mpango wa Bunraku, maonyesho ya vikaragosi ya Wajapani: wa kwanza ana kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Anayeongoza ni pumzi. Handspring, kundi la vikaragosi la Cape Town, walioanza mwaka 1981 na ambao farasi wao wa kikaragosi alikanyaga jukwaa la London mwaka 2007, wamefundisha kizazi kizima kwamba kikaragosi kinapumua kwanza, halafu kinatembea. Kifua kinapanda sentimita moja, kinashuka, na katika kushuka hatua inaanza. Wachezeshaji watatu wakipumua pamoja hawahitaji kuhesabiana.

Gunia lake ni sponji iliyovishwa kipande cha gunia la kweli, lina gramu 60. Tatizo likajitokeza dakika ya kwanza: linaruka kila hatua. Mtazamaji hajui gramu, ila anajua gunia tupu akiliona. Gunia jepesi haliigizi uzito hata mwili uiname vipi, kwa kuwa linachelewa kushuka. Dawa ni mchanga chini kabisa, ili livute mgongo nyuma wakati kichwa kinaenda mbele.

Tukajaribu kumsimamisha katikati ya mpando. Inafanya kazi pale tu anaposimama na mwili ukazama nusu sentimita zaidi. *Nikisimama mzigo unaongezeka.* Mchezeshaji wa miguu analegeza magoti kidogo, wa kichwa anasubiri pumzi mbili. Hapo ndipo tukapata tukio lote: yeye hatasema neno, na mbele yake tutamweka mfanyabiashara asiyenyamaza.

Saa 10

Mvua imekatika, zamu ya mfanyabiashara. Huyu ni kichwa cha sponji chenye mdomo: bamba mbili za nusu duara za kartoni nene, zimeunganishwa nyuma kwa mpira wa gurudumu, maana hapa mvutano ndio tunaoutaka. Vidole vinne juu, dole gumba chini. Kosa la kila anayeanza ni kuinua vidole vinne, kichwa kinafunuka kama kifuniko cha sufuria na macho yanatazama dari. Kinachoshuka ni dole gumba.

Gundi ya viatu inapakwa nyembamba pande zote mbili, unasubiri mpaka kidole kikigusa hakinati, ndipo unabana. Leo hewa ina maji, dakika tano hazikutosha, tumengoja zaidi ya kumi. Dirisha wazi, mbabula nje, kwa sababu mvuke wa gundi unashika moto.

Kiswahili kina raha yake mdomoni mwa kikaragosi. Silabi zetu karibu zote zinaishia kwa irabu, basi mdomo ungefunguka kila silabi na kuonekana unatafuna. Tunafungua pana kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, panapobeba mkazo, na kidogo tu kwenye zingine: ma-KA-la, mi-a-MO-ja. Neno "mzigo" lina silabi tatu lakini mdomo unafunguka mara mbili, *m* inasemwa midomo ikiwa imefungwa. "Bei" usiifunge katikati, ifungue kisha uipunguze. Anayeanza anafunga mdomo baada ya neno kwisha. Mzoefu anaufunga pamoja na irabu ya mwisho.

Mfanyabiashara anapiga bei, anashusha, anapandisha. Mama anapumua. Tukaona kwamba bei inashuka kila anapopumua. Hilo halikuandikwa popote, lilitoka mikononi.

Saa 12 na nusu jioni

Giza. Umeme bado. Tochi moja inatembezwa kuzunguka uso: kutoka juu, macho yanazama na anaonekana amekasirika, kutoka chini anaogofya, kutoka ubavuni, kimo cha kichwa chake, ndipo paji na kidevu vinaonekana vyote. Taa ya onyesho itakaa hapo. Shavu la kushoto limekula mwanga zaidi, linahitaji karatasi moja ya ziada.

Saa 2 usiku

Vikaragosi vinaning'inizwa kwa ndoano ya shingoni, miguu isiguse sakafu. Havikunjwi wala kulazwa, sponji ikilala usiku mzima juu ya pua inaamka na pua nyingine. Kamba ya mama imeteleza kutoka paji hadi nyusi. Mishono miwili kila upande, chini ya kikwembe cha kichwani, kwa uzi wa nailoni. Mchanga nimekwisha kuupima, gramu 150, uko kwenye soksi kando ya gunia. Unaingia kesho kabla ya chai.