Nilivyoweka Koha kwenye maktaba ya shule bila kulipia leseni

Muuza programu mmoja mjini Dodoma aliniambia programu ya bure kama Koha, inayotunza orodha ya vitabu vya maktaba na uazimaji wake, haina mwenyewe, siku ikiharibika nitamlilia nani? Yake ililipiwa kila mwaka, bei iliyokaribia kumeza fungu letu lote la vitabu. Kauli ile inaniudhi mpaka leo. Koha ina wenyewe wengi: ilitengenezwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ikaanza kazi Januari 2000, na hadi sasa watu wa nchi nyingi wanaiendeleza. Ukikwama unauliza, unajibiwa.

Fundi mwingine akasisitiza niiweke juu ya Windows, eti Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, ni ya wataalamu. Walimu wenzangu, msipoteze muda huko. Nilichukua kompyuta kuukuu ya ofisi, nikaongeza RAM kwa elfu hamsini na kidogo, nikaweka Debian, aina mojawapo ya Linux, kisha Koha ikakaa.

Raha ilikuwa kwenye kuingiza vitabu. Wenzangu hapa Bahi walijiandaa kuchapa kila kitu kwa mkono, jina, mwandishi, mchapishaji, mpaka likizo iishe. Mimi nikawasha hotspoti ya simu, nikafungua ndani ya Koha utafutaji wa Z39.50, njia ya kuchota maelezo ya vitabu kutoka maktaba nyingine, nikachagua Maktaba ya Bunge la Marekani, nikaandika jina la riwaya ya Kiswahili iliyotolewa na Tanzania Publishing House miaka ya 1970, haina hata ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu. Rekodi ikaja nzima! Mwalimu wa Kiswahili akadhani nimeiandika mwenyewe usiku. Maktaba ile ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, inakusanya machapisho ya ukanda wetu. Kwa hiyo msiviruke vitabu vya Kiswahili mkidhani Washington haivijui. Vya kiada vingi sikuvipata, nikavichapa. Lakini kwa vitabu hivyo vya kiada, rekodi moja inabeba nakala zote, kila nakala na barkodi yake. Lebo nilizichapa kwenye karatasi ya kawaida, nikazifunika kwa selotepu pana, na vumbi letu halijazifuta.

Koha hujitengenezea nakala rudufu kila siku, ila mashine yetu huzimwa jioni. Wekeni anacron, programu ndogo ya Linux inayokumbuka kazi za kila siku; kazi iliyopitwa itafanyika mkiwasha asubuhi. Faili hilo hubaki kwenye diski ileile, kwa hiyo lihamishieni kwenye flashi. Yangu naondoka nayo kila Ijumaa.