Kalkuleta Hukupa Jibu Moja, Mengine Tafuta Mwenyewe

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kibuye, Kisumu. Mwaka niliojisajili kufanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, kama mtahiniwa wa kujitegemea, kila aliyewahi kuketi darasani aligeuka kuwa mwalimu wangu. Hesabu nyingine nilizimudu. Ila ile milinganyo ya sini na kosini, ya "tafuta x kati ya 0° na 360°", iliniletea washauri wengi kuliko wateja.

Bingwa wao alikuwa binamu yangu. Alishikilia kwamba kile kijinamba -1 kilicho juu ya sin kwenye kalkuleta ni kipeo kama vipeo vingine: x⁻¹ ni 1 gawanya kwa x, basi sin⁻¹ ni 1 gawanya kwa sini. Tukachukua 2 sin x = 1, yaani sin x = 0.5. Akaniamuru nitafute sini ya 0.5, halafu 1 niigawe kwa hiyo. Ikatoka 114.59. Ubaya ni kwamba 114.59 inafanana kabisa na pembe! Ingetoka elfu saba ningeshtuka, lakini hii imetulia zake katikati ya 0 na 360, na binamu tayari ameshakunja mikono. Mimi nguo haitoki kwangu kabla mwenyewe hajaijaribu, na jibu ni vivyo hivyo. Nikairudisha 114.59 kwenye sini. Ikaja 0.909. Tulitaka 0.5. Binamu akasema kalkuleta ni mbovu.

Kalkuleta yenyewe niliinunua kwa mia kadhaa tu, na vitufe ni vilevile vya zile za bei kali. Ile sin⁻¹ ni kinyume cha sini, nacho kinauliza swali: ni pembe ipi ambayo sini yake ni 0.5? Shift, sin, 0.5, unapata 30. Hapo ndipo wengi huweka kalamu chini na alama zinapotea, kwa sababu 150 nayo sini yake ni 0.5. Kalkuleta haijakudanganya. Imewekewa mipaka: kinyume cha sini hakitoki nje ya -90 na 90, cha kosini hukaa kati ya 0 na 180, cha tanjenti kati ya -90 na 90. Hizo nyingine ni kazi yako.

Mteja mmoja, mwalimu mstaafu, alinishauri nikariri herufi za roboduara nne, yaani robo nne za duara, kila moja na herufi ya kukumbusha ni sini, kosini au tanjenti iliyo chanya hapo. Sikatai, zinafanya kazi, lakini ukisahau herufi moja umesahau zote. Mimi nikachukua chaki. Kwenye meza ya kukatia nilichora wimbi la sini toka 0 hadi 360, nikitumia ile rula iliyopinda ya kukatia kwapa (sijui kwa nini wanafunzi hawana hii rula). Kisha nikalaza rula iliyonyooka kwenye kimo cha 0.5. Ikalikata wimbi mara mbili, kushoto na kulia kwa kilele cha 90, umbali sawasawa. Ndiyo maana ni 180 toa 30! Wimbi la kosini linajikunja kwenye 180, kwa hiyo jibu la pili ni 360 toa la kwanza: cos x = -1/3 inatoa 109.47, na mwenzake 250.53. Tanjenti hujirudia kila 180, wewe ongeza tu. Tan x = -1.5 inatoa -56.31, iko nje, ongeza: 123.69, ongeza tena: 303.69. Na ukiambiwa sin x = 1.5, rula inapita juu ya wimbi bila kuligusa. Kalkuleta italalamika, nawe andika kwamba hakuna jibu.

Kazi tamu ni sin 2x = 0.5. Kijana wa kidato cha nne anayekuja kupunguziwa suruali aligawa 30 na 150 kwa 2, akapata 15 na 75, akaridhika. Nikamwonyesha meza: mawimbi mawili yamebanwa kwenye nafasi ileile, rula inakata mara nne. Kabla ya chochote ongeza mpaka maradufu, 2x iende hadi 720: 30, 150, 390, 510. Sasa ndiyo ugawe: 15, 75, 195, 255. Alinyamaza, akalipa bila kuomba punguzo.

Lo, nilitaka kusahau: bonyeza sin 30 kwanza. Isipokuja 0.5, mtu ameichezea kalkuleta. Ikija -0.988 iko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya digrii.

Na ukikutana na 4 sin²x + 4 cos x = 5 usikimbie. Sin² ibadilishe iwe 1 - cos², panga, utapata (2 cos x - 1)² = 0. Basi cos x = 0.5: 60 na 300. Katika mtihani hiyo meza nilichora kwa penseli, pembeni mwa karatasi.