Choo cha Gari la Mama: Kumbukumbu ya Miezi Minne

Januari, wiki ya pili

Nimefungua mlango wa Hiace leo asubuhi na macho yakaniwasha. Lilikuwa limekaa juani siku mbili hapa mtaani Umoja, madirisha yamefungwa, na choo tulikitumia Jumapili tu. Kitanda, makabati na taa nimeviweka kando. Sigusi kingine hadi harufu hii iishe.

Gari hili lilikuwa matatu ya abiria 14, na nililinunua kwa sababu moja. Mama anaishi Kibwezi, na kila mwezi huja Nairobi kliniki. Dawa zake za presha humkojoza, na basi haliwezi kusimama kila anapohitaji. Kwa hiyo huacha kunywa maji tangu jioni ya kuamkia safari. Aliniambia hivyo kama jambo la kawaida, kama mtu anavyosema amefunga mzigo mapema. Usiku huo sikulala. Mtu mzima wa miaka 71, safari ya kilomita 200 hivi, halafu koo kavu njia nzima.

Choo nilichoanza nacho ni cha kaseti, cha mtumba. Juu kuna bakuli, chini kuna tangi la lita 20 hivi linalochomolewa kwa nje ya gari, na katikati kuna kifuniko cha kuteleza chenye mpira wa kuzuia hewa. Mpira huo nimeukuta umekauka na kupasuka. Nimeusafisha na kuupaka mafuta ya silikoni. Mafuta ya kujipaka na ya kupikia sikuyajaribu, kwa kuwa huharibu mpira. Harufu imepungua, lakini bado ipo.

Januari, mwisho wa mwezi

Wiki hizi mbili nimejifunza kunusa kwa makini, kwa sababu ni harufu mbili. Ile inayochoma pua na macho ni amonia, na chanzo chake ni mkojo. Ile ya yai viza hutoka kwenye uchafu unaooza bila hewa. Tangi la kaseti huzaa zote mbili, kwani ndani yake mkojo na kinyesi vimechanganyika na kufungiwa.

Mkojo mbichi peke yake hauna harufu kali. Una urea. Bakteria waliomo kwenye kinyesi na waliojishika kwenye kuta za tangi wana kimeng'enya kiitwacho urease, ambacho huvunja urea na kutoa amonia. Joto huharakisha kazi hiyo, na sasa ndiyo miezi ya jua kali Nairobi.

Shangazi alinishauri nitie magadi, haya haya tunayolainishia githeri. Nilitia vijiko vinne. Kufika jioni gari lilikuwa halikaliki. Baadaye nikaelewa: magadi ni alikali, na alikali huitoa amonia majini na kuiachia hewani. Siki hufanya kinyume, huishikilia majini. Kikombe kimoja cha siki kwenye tangi lililooshwa kilinipa nafuu ya siku moja na nusu.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo. Ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo usiimimine kwenye tangi lenye mkojo. Klorini na amonia zikikutana hutoa gesi yenye sumu, na ndani ya gari mtu hana pa kukimbilia.

Dawa maalumu za choo cha kaseti, zile za rangi ya buluu, zipo na zinafanya kazi. Baadhi zina fomaldehaidi. Nyumbani kwa Mama maji taka huingia kwenye tangi la chini ya ardhi, na fomaldehaidi huwaua bakteria wanaosaga uchafu humo. Siwezi kumwondolea shida ya njiani nikamwachia nyingine uani.

Februari

Nimeiondoa kaseti.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu, aliyewahi kuishi Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Huko kuna vyoo vya Fresh Life vinavyotenganisha mkojo mbele na kinyesi nyuma, kila kimoja na chombo chake, na mtu akimaliza hunyunyiza maranda. "Kijumba kile hakinuki, dada, na mabati yalikuwa yanachoma," aliniambia. Kama kinawezekana chini ya mabati ya Mukuru, kinawezekana kwenye Hiace.

Fundi wa Kariobangi alinitengenezea sanduku la plaiwudi, akalipaka rangi ya mafuta ndani na nje ili mbao isifyonze unyevu. Ndani kuna ndoo ya lita 20 kwa nyuma, na mbele kuna bakuli la plastiki lenye umbo la faneli, linalopeleka mkojo kwenye mtungi wa lita 10. Nilitaka mpira wa mkojo ulale juu ya sakafu usionekane. Fundi alikataa. "Dada, maji yakipata pa kusimama yataoza hapo hapo. Lazima yateremke moja kwa moja." Tukauinua mtungi ukutani, tukaufupisha mpira, na sasa hakuna tone linalobaki njiani. Namshukuru kwa ukaidi wake. Mkojo uliotuama huacha pia ukoko mweupe ambao huziba mpira polepole.

Maranda nanunua Gikomba, gunia zima. Yawe makavu, hilo ni la lazima. Gunia la kwanza lilikuwa limenyeshewa na likaanza kuvunda kabla halijatumika.

Mtungi naumwaga chooni nyumbani kila siku ya pili au ya tatu, nausuuza kwa siki, kisha naurudisha. Ndoo ndiyo iliyonisumbua mawazo. Nimechimba mashimo mawili ya mboji shambani Kibwezi, mbali na kisima. Litakalojaa nitalifunika na kuliacha miaka miwili kabla ya kugusa udongo wake, na utakwenda kwenye miembe, si kwenye sukuma wiki.

Machi, wiki ya kwanza

Paipu ya inchi 2 imetoka kwenye sanduku hadi juu ya paa. Ndani yake nimeweka feni ya kompyuta ya volti 12 niliyoipata barabara ya Luthuli, Nairobi. Inavuta ampea 0.12, kwa hiyo ikizunguka saa 24 inakula ampea-saa 3 hivi, na betri yangu ni ya 100. Haizimwi.

Nilipokuwa nikiifunga paipu nilimkumbuka bibi. Choo chake cha shimo kilikuwa na bomba jeusi lililopita paa, na juu yake wavu. Muundo huo ulibuniwa miaka ya 1970 katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Upepo ukipita mdomoni mwa bomba hufyonza hewa ya shimoni, na nzi wanaoufuata mwanga wa juu hunaswa na wavu. Nimeweka wavu kama wa bibi.

Machi, wiki ya tatu

Siku tano bila harufu yoyote. Siku ya sita nikakaanga samaki.

Mvua ilikuwa ikinyesha, nikafunga mlango na madirisha yote, nikawasha feni kubwa ya paani juu ya jiko. Baada ya dakika chache kulikuja harufu ya choo, nzito kuliko samaki. Nilifungua sanduku nikakuta ndoo kavu, mtungi umefungwa vizuri na feni ndogo inazunguka. Sikuwa na la kurekebisha.

Kesho yake nilikwenda Eastleigh kununua udi wa vijiti. Sikuutaka kwa kunukiza gari. Nilitaka moshi wake. Niliwasha kijiti nikakishika ukingoni mwa choo, kifuniko kikiwa wazi kidogo. Feni ndogo peke yake: moshi ukainama ukaingia ndani ya sanduku, safi kabisa. Nikawasha feni ya jikoni huku madirisha yamefungwa. Moshi ukasita, ukayumba, halafu ukageuka ukanijia usoni.

Nilirudia mara nne ili niamini macho yangu. Feni kubwa ilikuwa ikitoa hewa kwa nguvu, na gari halikuwa na pa kuingizia nyingine. Mlango pekee uliobaki ni paipu ya choo. Hewa ikawa inashuka kutoka paani, inapita juu ya ndoo, inatokea chumbani. Nilipofungua dirisha la nyuma upana wa vidole vitatu, moshi uliinama tena kuelekea chini.

Miezi hii yote nilikuwa nashindana na uchafu, na sehemu kubwa ya shida ilikuwa upepo. Nimetoboa tundu la kudumu sakafuni karibu na jiko, mbali na bomba la moshi wa injini, nikalifunga wavu. Sasa hewa ina pa kuingilia hata mvua ikinyesha.

Jumapili tulijaribu gari likitembea. Dada yangu aliendesha kwenye barabara ya Outering mapema kabla ya msongamano, mimi nyuma na kijiti changu. Dirisha la pembeni likiwa wazi peke yake, moshi ulitoka chooni kuja kwetu, kwa kuwa upepo unaopita nje hufyonza hewa ya ndani. Tulipolifunga na kufungua matundu ya hewa ya dashibodi, ukarudi ndani ya choo. Nimeandika kwa kalamu nene juu ya usukani: DASHIBODI WAZI, DIRISHA LA PEMBENI LIFUNGWE.

Aprili

Kuna harufu ya yai viza iliyobaki, hafifu, asubuhi tu. Nililishuku sanduku siku tatu bure. Ilikuwa sinki. Kile kikombe cha chini kinachoshika maji ili hewa ya tangi isipande kilikuwa kikimwagika barabara ikiwa mbaya, na tangi la maji ya vyombo lina mafuta na mabaki ya chakula. Nimeweka kizibo cha mpira, na tangi naliosha kila safari kwa maji ya moto na sabuni.

Aprili, siku ya kliniki

Tulimchukua Mama alfajiri. Nilikuwa nimemwekea chupa mbili za maji kando ya kiti. Alizitazama, akanitazama, akasema, "Mwanangu, unajua nikinywa itakuwaje." Nikamwambia, "Ndiyo, Mama. Kunywa."

Tulisimama mara tano kabla ya Nairobi, kwa sababu gari likienda Mama hawezi kuinuka wala kujishikilia vizuri. Mara ya tatu alikaa humo muda mrefu, mlango umefungwa, nikamwita kama yuko salama. Alikuwa akichungulia paipu. Alitaka kujua upepo unatokea wapi, nami nikamwashia kijiti cha udi akautazama moshi ukishuka.

Tulipofika Mlolongo, karibu na Nairobi, chupa ya pili ilikuwa nusu.

Kilichobaki ni mshikio wa chuma pande zote mbili za choo. Fundi anasema Alhamisi.