Mabehewa ya Oktoba 1948: nilivyoyatafiti na kuyaunda

Kabla sijanunua hata gundi, niliamua mwezi na mwaka: Oktoba 1948. Reli yangu ya mezani, ya treni za modeli, ina kipimo cha 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko halisi, na inaonyesha mji mdogo wa nafaka katika jimbo la Iowa, kwenye njia kuu ya Chicago and North Western iendayo Council Bluffs. Wengi wanaoanza huchagua kwanza kampuni ya reli wanayoipenda, halafu rangi, na tarehe huja mwisho au haiji kabisa. Mimi naitanguliza tarehe. Behewa lililojengwa mwaka 1924 lilikuwa bado linatembea mwaka 1948, ila halikuwa tena lile lililotoka kiwandani: breki zimebadilishwa, mlango umebadilishwa, bati la chini limeliwa na kutu likazibwa, rangi imepigwa upya. Ukishajua unaliangalia siku gani, maswali mengi hujijibu.

Ninaongelea behewa la boksi, lile lililofungwa pande zote, lenye paa, na mlango wa kusukuma kila ubavu. Enzi hizo ndilo lililobeba karibu kila kitu kisichotakiwa kulowa: unga, karatasi, viatu, vipuri vya mashine, na hapa Iowa mahindi na soya. Mabehewa maalumu ya nafaka, yanayofunguka chini na kumwaga mzigo, yalikuja kushika kazi hiyo baadaye, miaka ya 1960. Mwaka 1948 mahindi yalimiminwa ndani ya behewa lilelile ambalo safari iliyopita huenda lilibeba samani. Ili yasimwagike mlangoni, watu walipigilia mbao kwa ndani wakaacha uwazi juu wa kupitishia bomba la kumiminia. Ukutani kulichorwa mistari inayoonyesha mwisho wa kujaza kwa kila aina ya nafaka, kwa kuwa ngano na mahindi uzito wake haulingani. Behewa moja nimeliacha mlango wazi kando ya ghala langu la nafaka, na hizo mbao zinaonekana. Nilizikata kutoka vijiti vyembamba vya mti halisi, maana plastiki hata uipake rangi vipi haiwi ubao mkavu.

Mdogo wangu aliyeko Tabora huniuliza, "Kaka, mbona hutengenezi ya kwetu?" Ni swali la haki, hasa likitoka kwa mtu wa Tabora, mji ambao njia ya Mwanza na ya Kigoma zinaachana. Jibu langu ni kwamba naishi Iowa, na reli hii naiona kila siku. Ni ileile ya North Western, ingawa tangu 1995 iko mikononi mwa Union Pacific. Nilitaka kuijua nchi ninayoikanyaga, na hii ndiyo njia niliyoipata ya kuisoma.

Msingi wa utafiti wangu ni orodha iliyokuwa ikichapishwa mara kwa mara kila mwaka kwa matumizi ya makarani wa reli, Official Railway Equipment Register. Kila kampuni iliorodhesha humo mabehewa yake yote ya mizigo: namba kutoka ngapi hadi ngapi, urefu wa ndani, upana, kimo, ujazo, uzito yanaoweza kubeba, na idadi yaliyobaki hai. Matoleo ya zamani yamepigwa picha na kurudufiwa, na wapenda reli huyauza au kupeana. Mtu asiye na ugonjwa huu ataona ni kurasa za tarakimu tupu. Mimi naona humo msafara mzima wa mwaka ule. Ukiwa na picha yenye namba ya behewa isomekayo, unaifuata namba kwenye orodha na kupata vipimo vyake. Na ukianzia kwenye orodha, unajua ni picha ya aina gani uitafute.

Orodha hiyo ndiyo iliyonifundisha jambo ambalo watu wengi wa reli za mezani hawalipi uzito. Behewa la boksi lilikuwa mzururaji. Lilipakiwa New Jersey, likashushwa Nebraska, na pale liliposhushwa likatafutiwa mzigo mwingine badala ya kurudi kwao tupu. Taratibu zilitaka lipakiwe kuelekea kwa mwenyewe, lakini msimu wa mavuno, mabehewa yakiwa haba, lilipakiwa popote palipokuwa na mzigo. Kwa hiyo treni ya mizigo inayopita Iowa haikuwa ya North Western peke yake. Nilijumlisha idadi ya mabehewa ya boksi ya kila kampuni kubwa, nikatafuta kila moja ina fungu gani katika jumla ya nchi, na fungu hilo likawa mwongozo wangu wa kununua. Pennsylvania na New York Central ndizo zilizokuwa na mabehewa mengi kuliko wote. Ndiyo maana Pennsylvania wako kwenye kila treni yangu, ingawa reli yao upande wa magharibi iliishia Chicago na St. Louis. Juu ya hapo niliongeza Union Pacific, jirani aliyepokezana mizigo na North Western kule Council Bluffs, na bila shaka mabehewa ya wenyeji kwenye ghala la nafaka. Santa Fe walikuwa na mabehewa ya kuvutia macho, ramani ya reli yao ubavu mmoja na jina la treni ya abiria ubavu wa pili. Ninayo machache. Kuyajaza mezani kwa sababu tu yanapendeza ni kuisingizia Iowa.

Picha nazo zina daraja. Picha za kiwandani ni safi na kali, lakini zinaonyesha siku ya kwanza ya maisha ya behewa. Ninazozithamini zaidi ni za Jack Delano, aliyetumwa na serikali ya Marekani kupiga picha reli wakati wa vita, mwaka 1942 na 1943. Alipiga yadi za Chicago, ikiwemo Proviso ya North Western yenyewe, nyingine kwa filamu ya rangi. Ziko Maktaba ya Bunge kule Washington, na mtu yeyote anaweza kuzipakua bure kwa ubora wa juu kiasi cha kuhesabu ribiti, vile vichwa vya misumari inayounganisha mabati. Zimenionyesha kwamba ule wekundu wa mabehewa, unaotokana na oksidi ya chuma ambayo ni rahisi na hudumu, haukuwa mmoja: kuna wa kahawia, wa matofali, na uliofifia kuelekea waridi. Zimenionyesha pia mapaa ya mabati ambayo rangi imebanduka vipande vipande, bati likabaki wazi. Na zaidi ya yote zimenionyesha vimo. Mgongo wa treni ya zamani haukunyooka. Behewa la aina ya X29 la Pennsylvania lina kimo cha ndani cha futi 8 na inchi 7, lile lililobuniwa na serikali ya Marekani mwaka 1918 futi 9, lile la kawaida la 1937 futi 10, na mengi yaliyofuata futi 10 na nusu. Kwa kipimo cha 1:87, tofauti ya X29 na hayo marefu ni milimita sita na ushee, na jicho huliona hilo kabla halijasoma jina lolote ubavuni. Ndiyo maana nasema umbo kwanza, maandishi baadaye.

Nichukue hiyo X29 nieleze nilivyoiunda, maana ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Pennsylvania walianza kuijenga mwaka 1924, ya chuma tupu wakati wengine wengi bado walijenga kwa mbao, na wakafikisha karibu 30,000. Kampuni ya Red Caboose walitoa seti nzuri ya plastiki ya kuunda behewa hili, yenye ncha (kuta za mbele na nyuma) bapa za mwanzo au ncha za mikunjo za baadaye. Shida ya X29 halisi ilikuwa unyevu uliojikusanya chini ya kuta na kuozesha bati. Karakana zikakata sehemu iliyooza na kubandika viraka virefu vya bati kando ya ukingo wa chini. Kufikia 1948 viraka hivyo vilikuwa vya kawaida, kwa hiyo X29 isiyo na kiraka ilinitia mashaka. Nilichagua picha moja, nikapima urefu wa kiraka kwa kuulinganisha na upana wa mlango, nikakata ukanda wa plastiki wa unene wa milimita 0.13, nikaubandika kwa gundi ya majimaji inayopakwa kwa brashi. Ribiti zake nilizipata kwenye karatasi za kampuni ya Archer, ambazo ni vitone vya rezini juu ya utando wa dekali, picha nyembamba ya kubandika: unaloweka majini, unatelezesha, unaacha vikauke. Kazi inataka mwanga mzuri na mkono usioharakishwa.

Chini ya sakafu tarehe inazungumza tena. Breki za zamani za aina ya K zilikuwa na silinda na tangi vilivyoungana, kitu kimoja. Za AB, zilizoanza kuwekwa kwenye mabehewa mapya mwaka 1933, zina vipande vitatu vilivyoachana: silinda, tangi na vali. K hazikuondolewa kabisa kwenye mabehewa ya kupokezana, yaani yanayovuka kutoka reli ya kampuni moja hadi nyingine, hadi 1953, hivyo treni ya 1948 inaweza kuwa na zote mbili. Lakini bogi (fremu zinazoshika magurudumu) za vyuma bapa vilivyofungwa kwa bolti, ambazo seti nyingi za zamani huja nazo, zilikatazwa kupokezana kuanzia 1940. Hizo nilizing'oa zote. Ngazi na vishikio vya plastiki nene huwa navikata kwa wembe, natoboa matundu kwa keekee ya mkono, na kuweka vya waya mwembamba.

Maandishi madogo yana raha yake. Behewa lilipimwa uzito upya kila baada ya muda, na mchoraji hakusafisha ubavu mzima: alipaka mstatili mdogo wa rangi mbichi, akaandika uzito mpya, alama ya karakana, mwezi na mwaka. Kwa hiyo ubavu uliojaa masizi una kidirisha kisafi. Nachafua behewa kwanza kwa rangi ya mafuta iliyozimuliwa na vumbi la pasteli, kisha napaka hicho kidirisha na kubandika dekali ya tarehe isiyozidi Oktoba 1948. Vivyo hivyo kwa tarehe ya kubadilisha pamba iliyolowa oili kwenye vichwa vya ekseli. Alama za chaki za makarani naandika kwa penseli nyeupe iliyochongwa sana.

Uzito nafuata pendekezo la NMRA, chama cha wapenda reli za modeli cha Marekani, aunsi moja pamoja na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Kwa behewa la futi 40 ni gramu mia na kidogo. Viunganishi vya behewa na behewa natumia vya kampuni ya Kadee, magurudumu ya chuma, basi.

Sasa hivi liko mezani behewa la kampuni ya reli ya Milwaukee Road, lenye mbavu za mlalo na kuta zilizounganishwa kwa kulehemu, bila ribiti. Walijijengea wenyewe kwenye karakana zao mjini Milwaukee, na nao walikuwa na njia yao ya kupita Iowa hadi Council Bluffs, hivyo lina haki kamili ya kuwepo. Namba nimeipata kwenye orodha, breki ni AB, paa nalijua. Natafuta picha ya ncha yake upande wenye gurudumu la breki ya mkono, iliyopigwa kabla ya 1950. Aliye nayo, au ajuaye ilipo, tafadhali aniandikie.