Kabla hujakubali giaboksi ishushwe

Mteja akiniambia gari yake ya oto inatetemeka, kwanza namwomba funguo. Nataka nikausikie mtetemo huo barabarani.

Mwalimu mmoja wa Chimala alileta Toyota Premio ya zamani, ile ya injini ya 1ZZ na gia nne. Kwingine walishamwambia giaboksi imekufa, atafute ya mtumba. Tukatoka Uyole, Mbeya, tukateremka Inyala hadi tambarare ya Igurusi, maana kwenye milima yetu huwezi kushika mwendo mmoja kwa muda. Kwenye spidi 60 na kitu, nikiwa nimegusa mafuta kidogo tu, ikaanza: drrrr, kama tunapita kwenye rasta, na lami ilikuwa safi kabisa. Nikakanyaga zaidi, ukaisha. Nikarudia mwendo uleule, barabara ikiwa tupu, nikagusa breki kwa mguu wa kushoto kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu, mafuta sijaachia. Ukakata palepale, RPM, yaani mzunguko wa injini, ikapanda kidogo.

Swichi ya breki inaiambia kompyuta ifungue klachi iliyomo ndani ya toki konveta, kile kifaa kinachounganisha injini na giaboksi. Basi klachi hiyo ndiyo ilikuwa inashika na kuachia. Mtetemo wa balansi ya tairi unafuata spidi, haujali mafuta. Wa maunti, zile raba zinazobeba injini, unausikia gari imesimama kwenye D, ukiweka N unapungua. Inayosumbua ni misi ya koili au plagi, yaani silinda kukosa kuwaka, kwa sababu klachi ikishashika, kila pigo la injini linafika kwenye tairi, na mitetemo hiyo miwili inafanana mno. Hiyo naipima mlimani, kwani misi huzidi gari ikielemewa. Premio ikapanda Inyala vizuri kabisa.

Oili kwenye stiki ilikuwa ya kahawia, ila hainuki kuungua. Giaboksi hiyo inataka T-IV, oili ya oto ya Toyota. Mwalimu akakumbuka aliwahi kuongezewa "haidroliki" ya kupimiwa kwenye dumu. Hili linaniuma sana. Oili ya oto ina dawa zinazofanya klachi ishike kwa ulaini, na ukichanganya ovyo unaziharibu. Ukifungua nati ya chini haitoki yote, nyingine hubaki ndani ya konveta, kwa hiyo tulimwaga, akaitembelea, akarudi tukamwaga tena. Mtetemo ukaondoka. Klachi ikishalika haiponi hivyo, konveta inabadilishwa. Lakini mwalimu alikuwa tayari kuuza mpunga wake wote anunue giaboksi!

Wenye Premio za CVT, yaani oto isiyo na gia za hatua, T-IV si yenu. Zina oili yake, na haiongezewi nyingine yoyote.