Mwanga umeingia besimenti

Watu wangu wa Minneapolis, leo ukuta wa zege wa besimenti, chumba cha chini ya ardhi, umekatwa ili tuweke dirisha la kutorokea moto ukizuka. Unene wake inchi 8.

Kibali cha jiji kilishatoka, na 811, namba ya kupiga kabla ya kuchimba, walishapigiwa simu waweke alama za bomba la gesi na nyaya. Usiguse sururu kabla ya hapo.

Diski ya almasi ya inchi 14 inazama kama inchi 5 tu, kwa hiyo unakata nje halafu ndani. Hapo ndipo wengi huharibu, mikato haikutani. Toboa pembe zote 4 kwa drili kwanza, tundu litokee upande wa pili, ndipo uchore mistari kutoka tundu hadi tundu.

Tundu la kwanza lilipotoboka, uzi mwembamba wa mwanga ulipita katikati ya vumbi hadi sakafuni.

Tulinyamaza wote.

Sasa vipimo. Kanuni za ujenzi zinasema upana wa dirisha usipungue inchi 20, kimo 24. Zidisha: futi za mraba 3.3 tu! Lakini kanuni hizo hizo hazikubali eneo chini ya 5, na 5.7 ndiyo salama. Hiyo ni nafasi halisi dirisha likifunguliwa, bila fremu. Ukingo wa chini usizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Mtoto apite akikimbia moto, zimamoto naye apite na mtungi wa hewa mgongoni.

Shimo la nje, mbele ya dirisha, lijazwe kokoto chini, na bomba la kutoa maji. Theluji ikiyeyuka haina huruma.

Mlioko kwenye baridi, pengo la fremu na zege mlizibaje?